Dakika Kumi Kumi

Mlangoni alinijibu Temirkul, mwenye nyumba:
"Andika mke wangu hana kazi."
Nikaandika jina: Burulcha, miaka thelathini na minne,
na mbele ya jina nikaacha pengo,
kwa kuwa wino ulikuwa umeganda.
Januari ya Naryn haina adabu;
hata kalamu ya serikali hupulizwa kama uji wa mtoto.

Nilimwachia daftari la siku moja,
siku iliyokatwa vipande vya dakika kumi kumi,
vyumba mia moja arobaini na vinne,
kila kimoja na swali lile lile:
ulikuwa unafanya nini?
Na pembeni, kwa herufi za kuumiza macho:
na nini kingine, wakati huo huo?

Nikarudi keshokutwa, theluji magotini.
Saa kumi na moja alfajiri: "Hakuna."
Saa kumi na mbili: "Hakuna."
Saa moja asubuhi: "Nimekaa."

"Ulikaa wapi?"
"Ubavuni kwa ng'ombe, namkamua."
"Na mtoto?"
"Mgongoni. Angekuwa wapi?"
"Na hapa, palipoandikwa hakuna?"
"Hapo nasubiri barafu iyeyuke."
"Barafu ya nini?"
Akanitazama kama unavyomtazama mtu
anayeuliza moto ni wa nini.
"Ya chai unayokunywa."

Basi tukaanza upya, mimi, yeye na kifutio.
Haba na haba, na kibaba kikafurika
kabla hatujaigusa adhuhuri:
kupasua barafu mtoni, ndoo mbili, dakika arobaini;
samadi kavu, kuibeba, kuiwasha, kukohoa
(kukohoa hakuna namba yake, nikakuruka);
mama mkwe kugeuzwa ubavu wa pili;
unga, tena unga; mtoto, mtoto, mtoto;
Temirkul kutafutiwa soksi.
Dirishani Temirkul alicheka.
Kisha nikamsomea yake, nusu saa,
na ndani yake dakika kumi za kumrusha mtoto juu,
ambazo sikumnyima.
Ya mkewe: saa tisa na dakika ishirini.
Akaenda kuchungulia farasi.

Saikal akapita na ndoo ya tatu.
Ana miaka kumi na mmoja.
Fomu yangu inaanzia kumi na miwili.
Ndoo haikuwa imeuliza umri.

"Zinakwenda wapi hizi?" akaniuliza Burulcha.
Nikamwambia: Bishkek, kisha mbali zaidi,
kuna malengo mataifa yameyakubali
mpaka mwaka elfu mbili na thelathini,
na la tano linatuhusu sisi.
Akahesabu kwa vidole, si mwaka, bali binti:
"Atakuwa na kumi na saba."
Hakuongeza neno. Akafunika unga.

Ghorofa ya tatu, Bishkek, joto la mabomba.
Hapa Burulcha ni mstari wa 2317.
Uzani wake mia nane na sita,
yaani peke yake anasimama
kwa wanawake mia nane na sita
ambao sikuwapigia hodi,
na chai zao sikuinywa.
Nabonyeza; mstari unazama ndani ya asilimia,
asilimia ndani ya jedwali,
jedwali ndani ya ripoti yenye jalada la buluu.

Mkuu wangu, Ishenbek, ameshika miwani mkononi:
"Saa za wanawake zimepanda tangu mara iliyopita.
Tunarudi nyuma?"
"Hapana," nikasema. "Mara iliyopita
tuliwauliza waume, mlangoni.
Safari hii tuliuliza mara mbili."
"Hiyo nitaielezaje kwenye mkutano?
Wanataka mshale, unaopanda au unaoshuka."

Sikuwa na mshale.
Nilipekua mkoba nitafute kifutio,
nirekebishe desimali moja iliyoteleza,
nikakumbuka nilikiacha Naryn.
Saikal alikiomba, kwa sauti ya chini,
ndoo ikiwa bado mkononi:
Jumatatu alikuwa na mtihani wa hesabu.